Mapaja ya Mkwe

Mtu mwenye mke anayefanya kazi, watoto watatu wadogo, shamba la mahindi na ofisi ya serikali hana muda wa mazoezi. Ana njia tu. Hilo nililigundua mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mchoraji ramani katika ofisi ya upimaji ardhi mjini Migori. Nyumba yangu ilikuwa juu ya kilima upande wa Uriri, kando ya barabara ya murram, ya changarawe na vumbi, iendayo Ogwedhi. Kila asubuhi nilishuka kilima hadi kwenye lami, nikakata kushoto, nikaenda Migori. Kila jioni nilirudi. Njia hiyo ningeipita hata kama nisingekuwa na haja ya kumshinda mtu yeyote, kwa hiyo niliamua iwe uwanja wangu.

Wafanyabiashara wa mjini walikuwa wametangaza mashindano ya baiskeli kutoka Migori hadi Homa Bay. Kulikuwa na zawadi, lakini mimi sikuifuata zawadi. Mke wangu ametoka Homa Bay, karibu na ziwa, na majirani zetu walimwita nyar nam, binti wa ziwa. Nilitaka watu wa kwao wasimame kando ya barabara wanione nikiingia mbele ya wengine. Nilitaka kuonekana. Nikiandika maneno hayo hata leo masikio yanawaka.

Mazoezi yenyewe niliyapanga vizuri, sitajinyima sifa hiyo. Kando ya lami zilisimama nguzo za simu. Kati ya nguzo na nguzo nilikanyaga kwa nguvu zangu zote, kisha nguzo mbili zilizofuata nikaenda polepole nikivuta pumzi, kisha tena. Asubuhi binti yangu wa pili alikaa kwenye keria nyuma yangu, maana shule yake ya chekechea ilikuwa njiani, na ndiye aliyepiga kelele "Nguzo!" kila tulipofika. Jioni nilizunguka njia ndefu. Trekta la miwa likitokea kuelekea kiwandani Awendo, niliingia nyuma yake upepo usinipige, nikalifuata kwa kasi yake mpaka vumbi linishinde. Maji ya nyumbani niliyateka mtoni Jumapili asubuhi, mitungi miwili upande huu wa baiskeli na miwili upande ule, na kilima kile chenye mawe kilinifundisha miguu kuliko kitu kingine chochote.

Kwenye karatasi, kila kitu kilitoshea. Katika maisha, mke wangu ndiye aliyelipa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alirudi na madaftari ya kusahihisha, akawasha moto, akaogesha watoto, na mimi ambaye zamani nilifika jua likiwa bado juu, nikawa nafika taa imeshawashwa, nimelowa, nikitaka maji ya kuoga.

"Baba watoto," aliniuliza jioni moja akigeuza ugali, "hiyo baiskeli imekuoa?"

"Ni mpaka mashindano tu."

"Hata mke wa pili huwa anapangiwa zamu. Huyu wako yuko kila siku."

Nilicheka. Yeye hakucheka, akarudi kwenye ugali wake.

Halafu kulikuwa na nguo. Suruali ya ofisini ilikuwa ikiliwa na cheni, na kaptura ya kawaida ilinichubua. Siku ya soko pale Awendo niliona kwenye rundo la mitumba vile vikaptura vyeusi vya kubana ambavyo wanawake wa wakati ule walivaa chini ya magauni. Viliitwa baika. Muuzaji aliuvuta mpira wa kiunoni kunionyesha unavyonyumbuka.

"Unamchukulia mama?"

"Ndiyo," nikasema.

"Ni mnene kiasi gani?"

Nikajitazama mwenyewe, nikamwonyesha kwa mikono. Alinifungia akitabasamu, na nadhani alijua.

Mke wangu alipoiona imeanikwa kwenye kamba aliigusa kwa ncha ya kidole. "Hii utavaa nje? Nje ya nyumba hii?"

"Ndiyo nguo ya mchezo. Hata Nairobi wanavaa."

"Nairobi hakuna mama mkwe wako," akasema.

Hapo alisema jambo lote, na mimi sikulisikia. Kwetu mwanamume na mama mzazi wa mkewe huheshimiana kwa umbali. Hawapeani mikono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani, mwanamume ndiye anayeacha njia, anaingia kando majanini mpaka mama apite. Hiyo haihitaji kufundishwa. Mtoto anaiona kwa baba yake, akikua anaifanya. Na mama mkwe haji nyumbani kwa mkwewe ovyo. Huja kwa mpango, mahari ikishamalizika, akiwa na wanawake wa ukoo wake na vikapu vyao, na siku hiyo binti yake huonekana kwa majirani kuwa ni mtu aliyetoka kwa watu.

Mke wangu aliisubiri siku hiyo tangu tulipooana. Majirani wake karibu wote walikuwa wameshapokea mama zao. Yeye alikuwa ameenda kuwasaidia kupika, mara nyingi, akarudi akisimulia mazuri ya wenzake. Mwaka ule ng'ombe wa mwisho wa mahari nilikuwa nimempeleka, na taarifa ikaja kwamba mama angekuja Jumamosi, juma moja kabla ya mashindano yangu.

Alijitayarisha kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Alisiriba sakafu upya kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, akachora mapambo ukutani kwa vidole. Alinunua vikombe vipya akaviweka ndani ya sanduku lake, akivitoa na kuvirudisha. Koti langu alilipiga pasi Alhamisi, akalipiga tena Ijumaa.

Mimi nilikuwa na kazi moja. Wageni wale hupikiwa jogoo, na jogoo wetu alikuwa amekufa kwa kideri. Nikasema nitaenda sokoni Ogwedhi alfajiri na kurudi na jogoo mzuri, kabla ya saa nne. Wageni walitarajiwa saa nane. Mke wangu alifurahi kwamba nimejitolea. Hakujua, au alijua akanyamaza, kwamba vilima vya njia ya Ogwedhi ndivyo nilivyokuwa navitaka. Juma la mwisho kabla ya mashindano nilihitaji siku moja ndefu, na sikuwa na siku nyingine.

Niliondoka na baika na shati. Suruali na koti vilibaki vimening'inia nyuma ya mlango.

Ogwedhi ni soko la mifugo. Wamasai, Wakuria na sisi Wajaluo tunakutana pale na Kiswahili chetu cha kila mtu. Nilikuwa nachagua jogoo, mzee mmoja wa Kimasai akanizunguka, akainama akitazama miguu yangu kama anayekagua ndama.

"Wewe mzee, hii nguo ni ya bibi yako?"

"Ni ya baiskeli."

"Baiskeli nayo anavaa nguo?"

Watu wakacheka. Nikacheka nao. Nilimfunga jogoo miguu, nikamtia kwenye kikapu juu ya keria, nikafunga kifuniko kwa kamba ya mpira, nikaondoka nikijiona mtu mwepesi, mwenye mambo yake mkononi.

Nilifika karibu na nyumbani muda mrefu kabla ya saa nne. Hapa ndipo ninapopatazama mara kwa mara. Lango lilikuwa pale. Mke wangu alikuwa uani na ufagio, leso kiunoni. Ningeweza kushika breki. Lakini niliitazama saa, nikaona nina nafasi, na kile kilima kutoka kwenye lami hadi kwetu ndicho kilichofanana zaidi na kilima cha mwisho cha mashindano. Nikapita lango langu mwenyewe na jogoo nyuma.

"Wewe! Unaenda wapi na kuku?"

"Narudi sasa hivi!"

Nilishuka hadi kwenye lami. Pale chini trekta la miwa lilikuwa linapita kuelekea Awendo, na miguu ilikuwa moto, nikaingia nyuma yake. Nililifuata kwa nguzo kadhaa. Kisha nikageuka nikarudi, nikashika murram, nikainuka kwenye kiti nikaanza kupanda kwa nguvu zote.

Kumbe wageni walikuwa wamepata msaada. Lori tupu la miwa kutoka Rongo liliwabeba bure, kwa kuwa dereva alimfahamu mmoja wao, likawashusha kwenye njia panda wakati mimi niko nyuma ya trekta. Hayo niliyajua baadaye. Niliwauliza mmoja mmoja, kila niliyeweza kukutana naye, kwa miezi, kama mtu anayechunguza ajali.

Nilichokiona mimi ni migongo. Wanawake kama saba, safu moja, vikapu na vyungu kichwani, wakipanda katikati ya barabara pale palipo laini, mahali pekee ambapo gurudumu halipigwi na mawe. Nilipiga kengele. Hawakusikia, walikuwa wanaimba kidogo kidogo. Sikutaka kupunguza mwendo. Nilikuwa nimebakiza kipande kidogo tu.

"Pisheni!" nikapaza sauti. "Mama zangu, pisheni njia! Pisheni!"

Waliruka. Wengine kulia, wengine kushoto. Aliyekuwa mbele, mkubwa kuliko wote, alishuka mtaroni kwa magoti yake mazito, na kikapu chake kikamtoka kichwani. Unga wa wimbi ukamwagika, mwekundu, wote, juu ya vumbi. Nilipompita niligeuza kichwa kusema pole.

Alikuwa mama mkwe.

Alinitazama usoni. Kisha macho yake yakashuka, si kwa kutaka, kama macho yanavyoshuka tu. Kisha akachukua leso ya mabegani akajifunika uso wote, akanigeuzia mgongo.

Nilitupa baiskeli. Kando ya barabara kulikuwa na shamba la miwa la jirani, nikaingia humo nikikimbia kwa miguu minne, majani yakinikata mapaja, nikachuchumaa mistari michache ndani. Niliwaza ya kipumbavu: kwamba labda hakunitambua. Kikapu kilikuwa kimeanguka pamoja na baiskeli, na ndani yake jogoo akaanza kulia kwa kelele kama anayechinjwa.

Nilisikia kila neno. Walizungumza Kijaluo, na hawakunong'ona.

"Ni nani yule?" Hiyo ilikuwa sauti ya msichana.

"Muulize shangazi yako. Mimi sikumwona uso, niliona mambo mengine." Kicheko.

"Nyamazeni." Shangazi wa mke wangu, dada ya baba yake, mwanamke mwenye sauti ya mwanamume. "Huyu si ndiye tuliyempa mtoto wetu? Yule wa ramani?"

"Amevaa ile ya ndani ya wanawake."

"Labda yuko uchi, amejipaka lami."

Kicheko tena, hata shangazi safari hii. Mtu mmoja tu hakucheka.

"Wee mkwe!" shangazi akaita kuelekea kwenye miwa. "Kuku wako analia. Hutamsaidia?"

Kijaluo kina neno wichkuot, kichwa kuvimba, ndilo neno letu la aibu. Pale chini kichwa kilikuwa kizito hadi nikakishika kwa mikono.

Mke wangu alikuja mbio. Watoto walikuwa wamewaona wageni kutoka juu, wakamwita. Nilimwona kati ya majani: amevua ile leso ya kazi, amevaa gauni alilolitunza, anatabasamu na mikono imeshatangulia mbele. Kisha nikamwona akiona baiskeli chini. Kisha unga. Tabasamu lake halikuondoka mara moja, lilibaki bila kazi.

"Mama. Karibuni. Mbona mmesimama?"

"Mwanangu," mama akasema ndani ya leso, "nimeona."

"Umeona nini?"

Shangazi akamwambia. Hakulizunguka.

"Mama, hakujua ni wewe. Chakula kiko motoni. Nyumba nimeisiriba. Njoo tu ukae, tutasema hayo baadaye."

"Nimemwona mkwe wangu mapaja, na amenifukuza njiani kama mbuzi. Nikila kwake leo, nitakuwa nakula nini? Siwezi kusema sikuona."

"Mama, nimewaambia watu wote wa hapa."

"Najua."

"Wanakuja kukuangalia. Watasema mama yangu amekataa nyumba yangu."

"Watasema alichofanya mumeo," mama akasema, na sauti yake haikuwa kali. Angekuwa mkali ningevumilia vizuri zaidi.

Mke wangu alipiga magoti kwenye unga akaanza kuukusanya kwa viganja, pamoja na vumbi. Hakuna aliyemzuia. Wasichana waliokuwa wakicheka walikuwa wametazama kando. Majirani walikuwa wameanza kutoka. Mama alimwinua, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, wakakaa hivyo pale barabarani, na hapo ndipo walipoonana siku hiyo. Kisha wageni walichukua vikapu vyao, kwa sababu zawadi ambazo hazikuingia nyumbani hazibaki njiani, wakageuka kushuka kwenye lami.

Mke wangu alisubiri wapotee kwenye kona. Alifungua mtandio wake mpya, akautupa ndani ya miwa bila kutazama.

"Jifunike," akasema. "Na mlete huyo kuku. Watoto watakula."

Siku ya mashindano nilipeleka mahindi kusaga. Kinu kiko karibu na lami, na nilisikia watu wakishangilia waendesha baiskeli wakipita. Sikutoka nje. Njia ya kwenda Homa Bay ilipita kwa wakwe, na hakuna mtu ambaye angeniruhusu niipite na miguu wazi, wala mimi nisingejiruhusu.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi. Afadhali kungekuwa na ugomvi. Vikombe vilirudi kwenye sanduku na sanduku likapanda juu ya kabati. Majirani walimwuliza mke wangu kama mama yuko salama, kwa sauti ile ya upole inayouma, naye akajibu yuko salama. Mapambo ukutani yalianza kupasuka udongo ulipokauka. Nilianza kufika nyumbani jua likiwa juu, nikateka maji bila kuambiwa, na yeye akashukuru kama unavyomshukuru mtu wa kazi.

Kwa upatanisho nilienda na kondoo dume na kitambaa cha mama, nikiwa na koti, tai na suruali nzito, joto la ziwa likinichemsha. Nilisimama nje ya ua wa wakwe tangu asubuhi. Shemeji yangu, kaka ya mke wangu, ndiye aliyekuwa akitoka na kuingia akibeba maneno.

"Wazee wanauliza, ile nguo iko wapi?"

"Niliichoma."

Akaingia, akatoka. "Wanasema ungeileta. Kila mtu alitaka kuiona." Akajizuia kucheka, akashindwa, akanipiga bega. Alasiri wakapokea kondoo.

Mama alikuja mwaka uliofuata, kiangazi kilipoanza. Lakini magoti yake yalikuwa mabaya tangu mwaka ule, na mke wangu hakuniambia tangu siku ipi; sikuuliza. Alishushwa kwenye lami pamoja na shangazi na wasichana wawili, na kilima kilikuwa mbele. Hakuweza kukipanda. Vijana wa jirani walijitolea kumbeba, mke wangu akawakataa. Aliichukua baiskeli yangu, akakunja blanketi juu ya keria, akamkalisha mama yake upande, akashika usukani na kuanza kusukuma.

Mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo ya lami na koti langu, mahali panapostahili. Wakatangulia. Nilifuata mbali.

Nilikuwa na miguu iliyofundishwa kwa kile kilima. Nilijua kila jiwe lake, mahali pa kuvuta pumzi, mahali pa kukaza. Mke wangu hakujua. Alisukuma kwenye mawe badala ya pembeni, akasimama pasipostahili kusimama, gauni likamshika mgongoni kwa jasho. Nilitembea nyuma mikono mitupu. Kumkaribia kungemrudisha mama kwenye lami mara ya pili.

Kwenye mwinuko wa mwisho walisimama kabisa. Mama hakugeuka, lakini alisema kwa sauti ya kunifikia:

"Yuko nyuma?"

"Yuko, mama."

"Amevaa?"

"Amevaa."

"Mpaka wapi?"

Mke wangu aligeuka, akanitazama kuanzia chini kwenda juu, akihema, bila haraka.

"Mpaka viatuni."

"Basi sukuma."

Akasukuma. Niliwaona wakiingia langoni, majirani wakipiga vigelegele, na mke wangu akiegemeza baiskeli ukutani, akiwa hawezi kunyoosha mgongo kwa muda. Hakuna aliyeniita. Nilikaa nje kwenye jua mpaka walipomaliza kula.